UZI: Wageni wa Mara ni wengi, lakini shilingi yao inalala wapi Narok?

Mleta uzi:

Wakuu, habari za humu.

Kila Julai tunaonyeshwa picha za nyumbu wakiruka Mto Mara, na kila mwaka wa fedha ukifungwa tunasomewa jumla ya makusanyo ya kaunti. Katikati ya picha na jumla hiyo kuna maswali ambayo sisi watu wa Narok hatuyaulizi kwa nguvu: wageni wanakuja miezi gani, wanalala upande gani wa geti la Hifadhi ya Maasai Mara, wanakaa siku ngapi, na pesa yao inatua kwa nani. Nitaandika kwa urefu, tuvumiliane.

Nianze na msimu. Nyumbu huingia upande wetu kuanzia Julai hivi wakifuata majani, na kufikia Oktoba au Novemba wengi wamesharudi Serengeti. Kwa makadirio ya miaka mingi kundi lote ni zaidi ya milioni moja, na pundamilia laki kadhaa wanafuatana nao. Bahati imepanga likizo za shule za Ulaya na Marekani ziangukie Julai na Agosti, kwa hiyo misimu miwili inapandana: wa majani na wa likizo. Desemba kuna kilele kifupi cha Krismasi, na hapo Wakenya wenyewe hujaza vitanda vingi. Kisha masika, Machi mpaka Mei. Njia za ndani zinageuka tope jeusi, kambi nyingine zinafunga, na kijana aliyekuwa mhudumu Agosti anarudi bomani bila mshahara.

Kaunti inayoishi hivi haiwezi kujipima kwa idadi ya vichwa vilivyopita getini. Mgeni anayeruka kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, akatua Ol Kiombo au Keekorok ndani ya hifadhi na kulala siku nne, anahesabiwa kichwa kimoja. Yule aliyefika na vani kutoka Nairobi, akalala usiku mmoja na kuondoka, naye ni kichwa kimoja. Kwa mpishi, kwa muuza maziwa, kwa mwenye ardhi, hao wawili hawalingani hata kidogo.

Halafu kuna kiingilio. Tangu Januari 2024, mgeni asiye mkazi analipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Tiketi nayo ni ya saa kumi na mbili, asubuhi hadi jioni, wakati ya zamani ilikuwa ya saa ishirini na nne. Mimi naunga mkono kupandisha bei wakati wa kilele. Magari yanayorundikana kwenye vivuko Agosti yanaumiza wanyama, na bei ni njia mojawapo ya kupunguza msongamano. Lakini tazameni kalenda yenyewe. Novemba nyumbu wengi wameshaondoka, mvua za vuli zimeanza, kambi zina vitanda vitupu, na bado mgeni analipa dola 200 sawasawa na wa Agosti. Tumechukua nusu mwaka nzima tukaiita kilele. Mwezi ambao tungehitaji kumvuta mgeni, ndio tunamtoza kama tunamfukuza.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili: mpangilio wa miezi na mahali pesa inapotua. Jumla peke yake hainiambii kitu.

---

Dereva wa Sekenani:

Mkuu umegusa penyewe. Niongeze kitu kuhusu tiketi ya saa kumi na mbili, kwa sababu sisi wa magari ndio tunaoiishi.

Zamani mgeni akitoka Nairobi asubuhi anafika geti la Sekenani kama saa tisa alasiri. Tunakata tiketi, tunaingia jioni ile ile, wanyama wanaanza kutembea, mwanga ni mzuri. Kesho yake tiketi bado inafanya kazi mpaka alasiri. Tiketi moja ilitupa jioni moja na asubuhi moja, saa bora kabisa za kuona simba.

Sasa ukiingia saa tisa una saa tatu tu, na kesho unalipa tena. Kwa hiyo kampuni nyingi zimepanga upya. Siku ya kufika wageni wanabaki kambini nje ya geti, kesho yake wanaingia saa kumi na mbili asubuhi na chakula cha kubeba, wanatoka jioni. Wote tunaingia pamoja na kuzunguka pamoja, na redio ikisema kivuko fulani kina nyumbu tunakimbilia wote. Pesa ya geti imeongezeka, sikatai. Lakini msongamano uliotakiwa kupungua umehamia siku moja ndefu.

Na bakshishi imeshuka. Mgeni aliyelipa dola 400 za geti kwa siku mbili anahesabu kila kitu anapofika kwenye bahasha ya dereva.

---

MamaShanga:

Watoto wangu, mimi nauza shanga karibu na geti na nina jambo la kusema.

Huyu dereva anasema wageni siku ya kufika wanabaki nje ya geti kutoka alasiri mpaka usiku. Ni kweli, nawaona wakipita. Lakini hawabaki kwetu. Wanabaki ndani ya ua la kambi, na duka la kambi lina shanga zilizotoka Nairobi. Sisi tunapata dakika ambazo gari limesimama getini dereva akishughulikia tiketi. Mgeni anashusha kioo, tunanyoosha mikono wanawake wengi kwa pamoja, anaogopa, anapandisha kioo. Hiyo si biashara.

Wanaokwenda kutembelea manyatta wanalipa kwa kichwa, lakini sehemu ya dereva na ya aliyewapanga hutoka kwanza. Mwanamke aliyejenga nyumba ile ya udongo na samadi, anayoingia mgeni kupiga picha, anapata kilichobaki. Simsemi dereva huyu, simjui. Nasema utaratibu ulivyo.

Saa zile za alasiri za siku ya kufika ndizo tungepewa. Pawe na mahali pa heshima, bei imeandikwa, mgeni akae chini, aone mkono unavyotunga, anunue bila kuvutwa.

---

Mleta uzi:

Mama, asante sana. Hilo sijaliona kwenye ripoti yoyote na ni la maana kuliko mengi niliyoandika juu. Tiketi mpya imezalisha saa za wageni nje ya geti, tena kila siku ya msimu, na hakuna aliyeandaa kitu cha kufanya kwa saa hizo. Barabara ya lami imefika Sekenani, umeme upo, simu zinashika. Kinachokosekana ni eneo lenye choo safi, kivuli na utaratibu. Kaunti inaweza kulijenga kwa sehemu ndogo sana ya inachokusanya hapo hapo getini.

---

Mhasibu:

Ngoja niweke tarakimu kidogo, kwa sababu kuna watu wanadhani Narok inajitegemea kwa Mara.

Mapato yetu ya ndani ni miongoni mwa makubwa zaidi kati ya kaunti zote 47, na sehemu kubwa inatoka kwenye hifadhi. Hata hivyo mgao wa usawa kutoka serikali kuu unazidi shilingi bilioni 8 kwa mwaka. Kwa hiyo mishahara na zahanati bado vinategemea Nairobi kuliko nyumbu.

La pili ni kuyumba. Mwaka wa fedha 2019/20 kaunti ilikusanya zaidi ya bilioni 2. Serikali ilisimamisha safari za abiria wa kimataifa mwishoni mwa Machi 2020, zikarudi Agosti mosi. Mwaka wa 2020/21 makusanyo yalianguka chini ya bilioni moja. Miaka miwili baadaye, 2022/23, yalivuka bilioni 3. Tafuteni biashara nyingine inayoweza kuanguka hivyo na kupanda hivyo ndani ya muda mfupi. Ngano haifanyi hivyo. Ng'ombe wanakufa kwa ukame, lakini hawafi wote dunia nzima siku moja.

Kaunti yenye mapato ya namna hii ilipaswa kuweka akiba miaka mizuri. Sisi mwaka mzuri tunaajiri, mwaka mbaya tunadaiwa na wakandarasi.

---

Mwana wa Loita:

Mnaongea geti, geti, geti. Geti ni la kaunti. Pesa inayofika nyumbani kwa familia nyingi inapita kwenye ardhi, na uzi mzima haujaigusa.

Kwa wasiojua: hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba kama 1,510. Kuizunguka kuna hifadhi za jamii, wengine tunaziita konsavansi. Ol Kinyei ilianza 2005, Olare Orok 2006, Mara North 2009, Naboisho 2010. Ranchi za kikundi ziligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake chenye hati, kisha wenye vipande wakaviunganisha tena na kuvikodisha kwa kambi. Pango linahesabiwa kwa eneo na linalipwa kila mwezi, mgeni awe amekuja au hajaja. Idadi ya vitanda inapimwa kwa ukubwa wa ardhi, kwa hiyo mgeni analipa ghali na magari ni machache.

Hiyo ndiyo pesa pekee ya utalii ninayoijua isiyofuata nyumbu. Mwezi wa Aprili, kambi imefungwa na mvua inanyesha, mzee anapokea pango lake na kulipa karo. Katika 2020 kambi nyingi ziliomba kupunguza, na wenye ardhi wengi wakakubali kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Lakini hata hapo, pango lililopunguzwa lilikuwa bora kuliko mshahara uliokatwa wote.

Na pasipo na pango, watu wanaweka waya. Nyinyi mnaopita barabara ya lami hamwoni, ila sisi wa Loita tunaona ua baada ya ua. Nyumbu wetu, wale wa kwetu ambao walikuwa wakishuka kutoka tambarare za Loita kwenda Mara kila mwaka, wamepungua mno. Watafiti waliohesabu wanyama kwenye nyanda za malisho za Kenya walikuta wamepungua kwa asilimia 68 kwa wastani kati ya 1977 na 2016. Mnapanga msimu wa wageni, je, wanyama wa kuonyeshwa wako?

Sisemi aliyeweka waya ni mbaya. Ana ng'ombe, ana watoto, jirani ameuza, na hakuna aliyemletea mkataba. Mwekeeni pango mezani, atauondoa.

---

MamaShanga:

Mwanangu wa Loita, umesema kweli, lakini maliza kusema. Hati za vile vipande ziko kwa jina la nani? Za wanaume. Pango linaingia kwenye akaunti ya nani? Ya mwenye hati. Mjane asiye na hati, mke wa pili, kijana aliyezaliwa baada ya kugawanywa, wote hao hawamo. Malisho tuliyokuwa tunapeleka mbuzi sasa yana siku zake na mipaka yake, na tunatozwa faini tukikosea. Tumepoteza malisho na hatujapata pango.

Siipingi konsavansi. Simba akiwepo shanga zinauzika. Lakini msipige hesabu ya familia kwa kuangalia jina moja kwenye hati.

---

Mkaratu:

Shikamoo mama. Wakuu wa Kenya, naomba kuchangia kutoka ng'ambo ya mpaka, Karatu.

Nyumbu mnaowasema, Januari hadi Machi wako kwetu, maeneo ya Ndutu, wanazaa. Kwa hiyo kilele chetu cha Ndutu kinaangukia miezi ambayo kwenu vitanda vinaanza kuwa vitupu. Kimaumbile hawa ni kundi moja na nyika moja, Serengeti peke yake ina kilomita za mraba zaidi ya 14,700. Lakini njia ya watalii kati ya Mara na Serengeti pale Sand River na Bologonja ilifungwa 1977, mwaka ule Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mpaka leo mgeni hapiti pale. Lazima azunguke hadi vituo vya mpakani vya Isebania na Sirari. Matokeo yake mgeni anachagua: Kenya au Tanzania. Najua huku kwetu wengi wanaona kufunga pale kunailinda Serengeti isigeuzwe uwanja wa kutembelea mchana na kurudi kulala Mara, na hofu hiyo ina msingi. Nasema tu kwamba msimu wa wilaya moja ya vijijini unaamuliwa pia na mambo yaliyoko mbali sana nayo.

Jambo jingine. Nyinyi mnalalamika kaunti inatumia vibaya, lakini angalau geti ni la kaunti. Kwetu viingilio vya Serengeti ni vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Ngorongoro ina mamlaka yake. Halmashauri ya wilaya haishiki kiingilio cha hifadhi. Karatu tunanufaika kwa sababu mgeni analala mjini kwetu kabla ya kushuka kreta: hoteli, mboga, kahawa, mafuta ya gari, mafundi. Bustani za Karatu zinalisha hoteli nyingi. Kwa hiyo wilaya isiyo na geti inaweza kupata ajira ya mwaka mzima, na yenye geti ikabaki na makusanyo bila ajira.

---

Mleta uzi:

Mkaratu, karibu sana, na hoja yako ya mboga imenigusa. Narok ni kaunti ya ngano, shayiri, mahindi na viazi, Mau iko juu yetu na mvua inanyesha. Ng'ombe ndio usiseme. Hata hivyo kambi nyingi za Mara zinapokea nyanya, mayai, jibini na hata nyama kwa lori kutoka Nairobi. Nimewahi kumuuliza mnunuzi wa kambi kwa nini. Hakusema mboga zetu ni mbaya. Alisema anahitaji kiasi kile kile kila Jumanne, chenye risiti, na mkulima mmoja mmoja hawezi kumhakikishia. Wiki moja anapata gunia sita, nyingine hapati hata moja.

Hilo linatatulika. Kituo kimoja cha kukusanya mazao mjini Narok chenye chumba cha baridi, na ushirika unaoweza kutoa risiti, kingefanya zaidi ya semina zote za utalii tunazoalikwa. Na angalieni faida yake kwa msimu: viazi vikikosa mnunuzi wa kambi Aprili vinakwenda sokoni Nairobi. Mkulima hafungwi na nyumbu.

Mwana wa Loita, nakubaliana nawe kwa karibu yote. Pango lisilofuata idadi ya wageni ndilo jambo zuri zaidi lililobuniwa Mara katika miaka yetu hii. Ningeongeza tu la Mama: mikataba ikifanywa upya, iwekwe sehemu ya malipo inayokwenda moja kwa moja kwa wanawake wa eneo lile, wenye hati na wasio na hati.

---

Dereva wa Sekenani:

Msisahau hali ya hewa. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo, kambi zikafurika, watu wakatolewa kwa helikopta. Ilikuwa miezi ya chini, wageni wachache. Ingekuwa Agosti tungesema mengine. Kambi zimejengwa kwenye kingo kwa sababu mgeni anataka kusikia viboko usiku, na waliotoa vibali walikubali. Kambi ikisombwa, wafanyakazi ndio wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani.

Na Novemba, mkuu, nakuunga mkono mia kwa mia. Novemba mwewe wanaohama wanafika kutoka Ulaya, nyasi ni kijani, duma na watoto wake unawatazama peke yako bila gari jingine. Ningependa kuiuza Novemba. Siwezi kuiuza kwa dola 200.

---

Mhasibu:

Basi tusiishie kulalamika humu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mkakati wa fedha wa kaunti unapaswa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katiba inataka wananchi washirikishwe. Viingilio vinapangwa kupitia sheria ya fedha ya kaunti, nayo ina kikao chake cha maoni. Watu wengi hufika vikaoni kuomba barabara ya kijiji. Ni haki yao, lakini hakuna anayeuliza habari za wageni.

Mimi ningeuliza haya. Tiketi zichapishwe kwa mwezi na kwa geti: Sekenani, Talek, Musiara, Oloololo na mengineyo, na siyo jumla ya mwaka. Kila kambi inayopewa leseni itoe idadi ya usiku waliolala wageni, mwezi kwa mwezi, na idadi ya wafanyakazi wa kaunti hii kila mwezi. Wakificha Aprili, tutajua kwa nini. Na sehemu ya makusanyo ya Julai hadi Oktoba ifungiwe akiba ya miaka mibaya.

---

Mleta uzi:

Sawa mkuu. Naongeza mawili: Novemba na wiki mbili za kwanza za Desemba zirudishwe kwenye bei ya chini, na pawe na fungu la kujenga soko la alasiri Sekenani na Talek, liendeshwe na vikundi vya kina mama wenyewe. Dereva, ukubali utuletee wageni bila kamisheni mwaka wa kwanza tuone.

---

Dereva wa Sekenani:

Nakubali, na nitazungumza na wenzangu wa chama. Ila choo kiwepo kweli. Mgeni aliyetoka Nairobi safari ya saa tano au sita anauliza choo kabla ya shanga.

---

MamaShanga:

Choo kitakuwepo. Sisi tutakisafisha, kwa zamu.

Swali la hati na akaunti za pango niachieni mimi siku ya kikao. Nitaliuliza kwa Kimaa, mbele ya wazee, na nitakuja na wajane wa upande wa Talek wakae mstari wa mbele. Mhasibu, niandikie zile tarehe kwenye karatasi umpe mtoto wangu, na uniambie ni mlango upi wa kuingilia, kwa sababu mara iliyopita tulifika tukaambiwa kikao kimekwisha.